Samaki Niliwaua Mimi, Si Mbaruku

Jumatano, Mfungo Saba. Jua limetoka na ukali wake tangu asubuhi, upepo hakuna, majani ya mpapai yamesimama kimya kama yamekemewa.

Nimeamka na hamu ya kumpiga mtu. Nikamtafuta humu ndani wa kumpiga, sikumwona ila mimi.

Nyinyi mliozoea kuja hapa mtandaoni kusoma nikiwasema wakwe zenu na mapishi yenu mabovu, leo kaeni kitako. Leo anasemwa Bi Mwanahawa, na anayemsema ni Bi Mwanahawa mwenyewe, kwa hiyo msinisaidie.

Ijumaa niliandika hapa hapa kwamba shemeji yangu Mbaruku, mdogo wake marehemu mume wangu, ametia sumu kwenye tangi langu la samaki. Niliandika kwa herufi kubwa zote. Nikasema anayekula mananasi ya Mbaruku aandike na wosia kabisa. Mkasoma, mkapelekeana, mkaniandikia pole, mwengine akaniandikia kwamba mtu kama huyo dawa yake ni moto.

Andiko lile nimelifuta jana. Haikusaidia kitu. Maji yamemwagika, na hayazoleki.

Nianze na tangi, maana bila hilo hamtanielewa. Marehemu alilijenga kwa zege nyuma ya nyumba, hapa Mapinga, tukafuga sato. Pembeni akasimamisha pipa la plastiki, akalijaza kokoto na makombe. Mashine inavuta maji machafu ya chini ya tangi, inayapitisha kwenye zile kokoto, halafu yanarudi tangini kwa bomba lenye matundu, yanamwagika kama mvua. Inanguruma mchana, inanguruma usiku. Marehemu alikuwa na neno moja tu juu ya mashine ile: isizimwe. Nilimuuliza kwa nini, akasema kokoto zinataka hewa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kokoto zinataka hewa! Mume wangu alikuwa mtu wa maana, lakini siku ile nilidhani jua limemwingia kichwani.

Alhamisi iliyopita tukamsomea hitma yake ya mwaka. Ndugu walitoka Bagamoyo mjini, wengine Pangani, na Mbaruku alitoka kwake Fukayosi anakolima mananasi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Majamvi yakatandikwa uani, ubani ukafuka, Yasini ikaanza. Na lile dubwana nyuma ya ukuta linanguruma kama ng'ombe anayechinjwa kwa kisu butu. Shekhe anapandisha sauti, mashine inapandisha. Damu ikanichemka. Nikajifunga mtandio, nikaiendea swichi.

Mbaruku akanifuata nyuma.

"Shemeji, usiizime. Kaka alisema isizimwe hata saa moja."

"Kaka yako yuko kaburini, na leo ndiye anayesomewa. Unataka Kurani ishindane na mashine?"

"Basi tusogeze majamvi mbele ya nyumba."

"Sogeza kwanza ulimi wako. Nyumba hii ya nani?"

Akarudi kwenye jamvi. Nikazima. Kukawa na utulivu mzuri mpaka nikalia.

Hitma ikaisha, pilau likaliwa, wageni wakalala, wengine barazani, na baraza inapakana na tangi. Nikasema mashine ikae kimya wageni wapumzike. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna umeme uliokatika. Lishikeni hilo la umeme, maana nitalirudia kwa aibu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kuwatazama samaki. Wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanapapasa hewa pa, pa, pa. Nikafurahi. Nikadhani wananililia njaa. Nikawamwagia ukoko wa pilau sahani mbili, nikawaambia na nyinyi kuleni hitma ya bwana wenu.

Asubuhi ile ile Rajabu, mwanangu wa pili ambaye kazi yake ni kutengeneza mashine za maji, alimrudishia baba yake mdogo bomba la kupulizia dawa shambani. Lilikuwa limeharibika, amelitengeneza. Mbaruku akalitia maji ya bombani, akalivaa mgongoni, akawa analijaribu pale pale kando ya tangi. Fyuu, fyuu, fyuu. Mimi niko jikoni nasugua masufuria, namtazama dirishani.

Sasa jueni kwamba mimi na Mbaruku tulikuwa na letu. Kuna kipande cha shamba la marehemu ambacho yeye alitaka kiuzwe kwa hawa watu wa Dar wanaonunua viwanja kila siku, mimi nikakataa. Hatukutukanana, lakini tulikuwa tunasalimiana kwa ncha ya ulimi. Kwa hiyo nilipomwona na bomba lile kando ya samaki wangu, moyo wangu uliweka alama. Moyo wa mtu mwenye kinyongo hauweki kingine.

Wanaume wakaenda kuswali Ijumaa, na wageni walio wengi wakaaga. Nikaiwasha mashine.

Maji ya kwanza kutoka kwenye pipa yalitoka meusi kama wino wa pweza. Yakanuka mayai viza, harufu ya kumfufua maiti. Nikaziba pua kwa kanga, nikasema lijisafishe, likikaa limelala lazima litoe uchafu. Nikarudi kwenye masufuria yangu.

Niliporudi walikuwa wanakufa.

Sijawahi kuona kifo cha namna ile, na mimi nimeosha maiti. Walikuwa wanaruka. Walijipiga kwenye zege kwa nguvu zao zote, magamba yakabanduka, macho yamewatoka, mashavu yao yamefunguka mekundu kama vidonda. Wengine walizunguka wakilalia ubavu, wanazunguka, wanazunguka, halafu wanageuka tumbo juu na bado mkia unapiga. Yule sato mkubwa ambaye marehemu alikuwa akimlisha mkononi aliruka akatoka nje kabisa, akaangukia mguu wangu. Akanifia juu ya mguu.

Nikapiga yowe lililofika msikitini.

Wa kwanza kufika mbio alikuwa Mbaruku. Kanzu ameishika kwa meno. Alikuja kunisaidia, jamani. Alikuja kunisaidia! Na mimi nikanyoosha kidole: "Huyu! Bomba lake! Huyu!"

Maneno manne. Rajabu alikuwa nyuma yake. Hakuuliza. Alimpiga baba yake mdogo ngumi ya kisogo, mzee wa watu akaanguka kwa magoti. Majirani wawili wakaingia, watu waliotoka kusujudu sasa hivi, udhu haujawakauka, wakamshindilia mateke ya mbavu. Kanzu nyeupe zinapepea, utadhani mwari katoka. Damu ikawarukia wote. Nilisikia mbavu. Mbavu zinasikika, msidanganywe na mtu, zinalia kama mua.

Na mimi sikukaa nikatazama. Nilichukua mchi wa kinu.

Alikuwa ameinua mkono wa kulia kujikinga. Nikaupiga mkono. Ukakatika ko, kama kuni kavu, na kiganja kikaning'inia upande usio wake. Nikaupandisha mchi tena nikampiga mdomoni. Meno mawili yalitoka. Moja nililiona juu ya zege, kati ya samaki.

Nilijisikia vizuri. Naandika kama ilivyokuwa. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa na kiu akanywa.

Mkewe Saida ndiye aliyemlalia juu ili tusimuue. Wakampakia kwenye bajaji. Mimi nikanawa mikono, nikakaa kwenye mkeka, nikaandika yale niliyowaandikia.

Hospitali walimuuliza Mbaruku nani kamfanya vile. Akasema ameanguka kwenye mkorosho. Daktari akamwambia, mzee, mkorosho gani una visigino? Akashikilia hapo hapo: mkorosho. Alimwambia Saida, "Siwezi kumpeleka mke wa kaka yangu polisi." Nilipoletewa habari hiyo nilisema, mnaona, mwenye hatia haendi polisi. Niliisema mbele za watu, na watu wakatikisa vichwa kwamba kweli.

Jumatatu akaja afisa wa samaki, binti mmoja mwenye viatu vya mpira na mkoba wa chupa. Jina lake Neema. Nilimwita mwenyewe ili aandike kwenye karatasi kwamba ni sumu, nipate ushahidi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Andika sumu."

"Ngoja kwanza nipime, Bibi."

Akachota maji kwenye kichupa, akatia matone. Yakageuka kijani kibichi kama mtama mchanga. Akanyanyua nyusi. Akasema hiyo ni amonia, nyingi, na sumu ya shamba haifanyi hivyo. Nikamwambia basi hujui kupima. Akaliendea pipa, akafungua kifuniko, akarudi nyuma kama aliyepigwa kofi. Akatia mkono kwenye kokoto, akatoa utelezi mweusi wa kunata.

"Bibi, hizi zilikuwa na rangi gani zamani?"

"Kahawia. Kama chai ya maziwa."

"Basi hao wa kahawia ndio waliokuwa wanawatunza samaki wako. Wamekufa."

"Hao nani?"

Akanieleza, akiwa amechuchumaa, na mimi nimesimama na mikono kiunoni. Nawaandikia nilivyomwelewa. Samaki anatoa uchafu mkali unaoitwa amonia, si kwa mkojo tu, hata kwenye mashavu anakovutia pumzi. Uchafu huo ukikaa majini unamuunguza mwenyewe. Kwenye kokoto, kwenye ule utando wa kahawia ambao mimi nilikuwa nauita uchafu, wanakaa bakteria, vidudu visivyoonekana kwa jicho. Kundi la kwanza linaila ile amonia na kutema kitu kingine, nacho kikali. Kundi la pili linakula kile kilichotemwa na kutoa chumvi laini, isiyomdhuru samaki, ile inayofanya mchicha wangu unaomwagiliwa maji ya tangi unenepe mpaka majirani wanadhani nauchanjia.

"Sasa makundi yote mawili, Bibi, hayafanyi kazi bila hewa. Mashine ikizunguka, hewa inaingia na maji. Ikizimwa, waliomo kwenye pipa wanaimaliza iliyobaki upesi sana, kisha wanabanwa."

"Kwa hiyo pipa linakuwa tupu."

"Pipa haliwi tupu hata siku moja. Wanainuka wengine, wasiohitaji hewa. Hao kwanza wanavuta pumzi kwenye ile chumvi laini, wanaitumia badala ya hewa. Ikiisha, yanabaki mambo ya kuoza tu. Wale waliokufa wanaoza, uchafu wa samaki unaoza, amonia inarudi, na hiyo gesi ya mayai viza inatengenezwa hapo hapo. Pipa linageuka chungu cha sumu. Mpaka hapo samaki bado wako hai, wanahema juu ya maji."

Pa, pa, pa. Nikaukumbuka ule ukoko wa pilau niliowamwagia.

"Halafu mtu anaiwasha mashine," akasema Neema, "na kile chungu chote kinamwagwa juu yao kwa mara moja."

Akaniangalia. Macho yake hayakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, nikatamani kumzaba kibao.

"Ilizimwa kwa muda gani, Bibi?"

Nikamjibu: "Umeme ulikatika."

Mwanamke mzima, nywele nyeupe, niliyekwisha kuwahijia baba yangu na mama yangu, nikamdanganya mtoto wa watu. Akaandika "umeme". Akaniambia kabla sijaiwasha tena niyamwage maji ya pipa shimoni, nizioshe kokoto, nianze upya polepole. Akafunga mkoba wake, akanipa mkono, akaondoka.

Usiku huo sikulala. Sikuwa na huzuni, msinionee huruma. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia marehemu: kwa nini hukunieleza kama binti huyu alivyonieleza? Kisha nikakumbuka nilivyomcheka. Nikawakasirikia wale vidudu, watu gani hao wanakaa nyumbani kwangu, wanafanya kazi, hawajitambulishi. Nikamkasirikia na Mungu kidogo, nikaomba toba, nikaendelea kukasirika.

Nikawaza hivi: Mbaruku hajui. Saida hajui. Neema ameandika umeme. Samaki wamekwisha zikwa chini ya migomba. Nikae kimya. Mifupa itaunga. Mwaka ujao watu watakuwa na jingine la kusema.

Jana nikaenda dukani kununua sabuni. Kuna mama mmoja sijui hata jina lake, ana mtoto mgongoni, anamwambia mwenziwe, "Usinunue nanasi kwa yule mama wa pale barabarani. Mumewe anaweka sumu. Aliwaua samaki wote wa shemeji yake, karibu aue na watu. Iko kwenye simu, imeandikwa na bibi mwenyewe, anayejua." Na yule mwenziwe akasema, "Mimi nilikwisha lila moja Jumamosi, nikamlazimisha mwanangu atapike."

Anayejua.

Nikapita penye meza ya Saida, anapouzia mananasi ya mumewe hapa Mapinga, nikiwa upande wa pili wa barabara, nimejitanda mpaka machoni kama mwizi. Mananasi yalikuwa yamerundikwa kwenye meza, yale ya Fukayosi, makubwa, ya njano mpaka chini. Ya juu yalikuwa mazuri. Ya chini yalianza kuvuja, na nzi walikuwa wanakula bila wosia. Gari la watu wa Dar likapunguza mwendo, mwanamke akatoa kichwa, mtu mmoja wa bodaboda akampungia mkono kwamba endelea, si hapo. Gari likaenda. Saida alikaa tu. Alikuwa na panga mapajani, anamenya hewa.

Msimu wa nanasi haumngoji mtu apone. Mbaruku hana shamba lingine, hana mshahara, hana mtoto Ulaya. Ana jina lake na mananasi yake. Mkono nilimvunja kwa mchi. Hivi viwili nilimvunjia kwa kidole, hapa, nikiwa nimekaa kwenye mkeka nakunywa chai.

Sasa nawaambia lile ambalo sikuliandika Ijumaa, wala juu ya ukurasa huu sikuliandika vizuri, nililiruka kwa makusudi na mmesoma mkapita.

Mlidhani Mbaruku alipigwa kimya kimya? Alikuwa anasema. Amepiga magoti, damu inamtoka puani, mkono umeshavunjika, alinitazama mimi peke yangu kati ya watu wote akasema: "Shemeji, mashine. Ni mashine, shemeji. Uliizima."

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kuliko nilivyomsikia shekhe. Na ndani yangu kuna kitu kilisema ndiyo.

Hapo ndipo nilipompiga mdomoni.

Mkono nilimpiga kwa ujinga. Mdomo nilimpiga kwa kujua. Nilitaka neno lile lisitoke tena mbele ya watu. Meno yale mawili si ya samaki, ni ya ulimi wake kusema kweli nyumbani kwangu.

Leo asubuhi nilimwita Rajabu nikamwambia yote, nikiwa nimesimama. Alidhani nachanganyikiwa na joto. Kisha akaelewa. Akakaa chini kwenye mchanga kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Mama, nilimpiga baba mdogo ngumi ya kisogo. Ameanguka, nikampiga na teke la mbavu."

"Nilikutuma mimi."

"Hukunituma, Mama. Ulinyoosha kidole tu. Miguu ni yangu."

Akawasha pikipiki akaelekea Fukayosi. Hakuniaga. Ni haki yake.

Nikajifunga kanga mbili, nikaenda barabarani, safari hii upande wa Saida. Ilikuwa saa tano, watu wamejaa: wa bodaboda, wauza mihogo, wanaongoja magari ya Bagamoyo. Nikasimama mbele ya meza. Saida hakuinua macho.

Sijui kuhutubia. Najua kukemea, basi nikakemea. Nikapiga kelele: "Nyinyi nyote mliofungua mabakuli ya masikio yenu Ijumaa, yafungueni tena! Mbaruku hakutia sumu! Samaki nimewaua mimi, Mwanahawa, kwa kuzima mashine! Alinikataza, nikamtukana. Alipotaka kusema, nikamvunja meno. Mwenye kusikia amwambie asiyesikia, na kama mlivyokimbia na uongo wangu, kimbieni na hii!"

Wa bodaboda mmoja akacheka.

"Kwa hiyo Bibi ndiye mchawi mwenyewe!"

"Mchawi ana akili, mwanangu. Mimi nilikuwa mjinga. Cheka ukimaliza unisaidie kusema."

"Na sisi tutajuaje hujahongwa nanasi, Bibi?" akasema mwengine, na watu wakaangua kicheko.

Mkono wangu uliinuka wenyewe. Nauona bado, umeinuka kumchapa. Nikaushusha kwa mkono mwengine.

Nikamgeukia Saida. Nikamwambia nimenyie moja nile mbele yao, nile lote, waone kama nitakufa. Wakati huo ndipo alipoinua macho. Saida ni mpole, miaka yote namjua hajawahi kunijibu neno. Akachagua nanasi, si la juu, la katikati, zito. Panga likiwa mapajani. Akaliweka panga chini, chini kabisa mchangani, akanipa nanasi kwa mikono miwili.

"Kula, shemeji."

"Na maganda yake?"

"Mume wangu anakula uji kwa kijiko cha mtoto. Kula."

Nikang'ata.

Hamjawahi kung'ata nanasi lisilomenywa, kwa hiyo msijifanye mnajua. Lina miba midogo kila jicho. Ngozi yake ni kama msasa. Nilichanika mdomo wa juu, nikachanika wa chini, nikachanika pembeni. Maji yake yakaingia kwenye michaniko kama pilipili. Damu ikachanganyika na utamu, na kwa kweli, Mungu ni shahidi, lilikuwa tamu, Mbaruku anajua kulima. Watu waliacha kucheka nilipofika nusu. Mwanamke mmoja akasema, "Basi jamani, mwambieni aache." Saida hakusema aache. Nami sikutaka aseme.

Nikala mpaka kwenye kikonyo. Nikafuta kidevu kwa kanga, kanga ikawa nyekundu. Nikabaki nimesimama pale jua likiniwakia, waone nimesimama.

Yule wa bodaboda aliyecheka akashuka kwenye pikipiki yake. Akachukua nanasi moja, akampa Saida amenye. Wa pili akafuata. Gari la Dar likasimama, likachukua matatu. Saida akaliokota panga, akalipangusa, akaanza kumenya. Hakunishukuru, wala hakunitazama tena. Nilipoaga akasema tu, kama anayezungumza na nanasi, "Mbaruku hajasema amekusamehe."

"Sijaja kuuliza," nikamwambia.

Ni uongo. Nilikuwa nimekuja kuuliza.

Hayo ndiyo yaliyokuwa. Midomo imevimba, chai haipiti, naandika kwa kidole kimoja na kingine nimeshikilia barafu. Mliopeleka andiko la Ijumaa, pelekeni na hili kwa wale wale, mmoja mmoja, na mkiona uvivu nitawajua.

Ila barabara ile haina watu wale wale. Waliokuwepo leo saa tano wameona. Watakaopita kesho wamesikia ya Ijumaa tu. Kwa hiyo kesho saa tano nitakuwa pale tena mbele ya meza ya Saida, na kama atanipa jingine kwa mikono miwili, nitalipokea kwa mikono miwili.